Imeli yako imefika, ila imo kwenye spamu

Leo tuongelee imeli. Najua wengi mmehamia WhatsApp, lakini mtalii wa Ulaya anayetaka kwenda Gombe kuona sokwe bado anaulizia chumba kwa imeli.

Kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni hapa Ujiji, vyumba sita. Mwaka jana aliniita: "Mwanangu, njoo uniangalizie hii kompyuta. Wageni wananiuliza bei, nikiwajibu wanakaa kimya." Alishaanza kupunguza bei! Nikakuta majibu yote yametoka, hakuna lililorudi. Nikamwomba atume moja kwenye Gmail yangu. Ikafika, ila kwenye folda ya spamu. Yaani msimu mzima watu wamejibiwa na hawajui.

Kwanini? Mama hakuandika "umeshinda dola milioni". Kilichomponza ni mahali imeli zake zinapotokea. Ana tovuti na anwani yenye jina la nyumba yake, vyote amevipangisha kwenye seva ya bei chee. Seva ya hivyo ni kama nyumba ya kupanga yenye uani mmoja: wateja kibao, anwani moja ya IP. Tovuti ya jirani ikidukuliwa ikaanza kumwaga barua taka, anwani nzima inaingia kwenye orodha nyeusi. Mfano ni orodha za Spamhaus, shirika lililoanza 1998, ambazo seva nyingi duniani hutazama kabla ya kupokea barua. Polisi wamekuja wamebeba nyumba nzima, na wewe uliyekuwa umelala umo.

Ubishi wa jina la mtumaji nao ni wa zamani. Utaratibu wa kusafirisha imeli, SMTP, ulitoka 1982, wakati watumiaji ni wachache na wanaaminiana. Haukuuliza kitambulisho. Mtu aliweza kujiita benki, kama unavyoandika jina lolote nyuma ya bahasha. Ndo zikaletwa dawa tatu. SPF ni orodha unayoweka kwenye domeni yako kusema seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya siri inayoonyesha barua haijachezewa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyofeli hayo mawili.

Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo waliyafanya lazima. Mtumaji yeyote awe na SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na zote tatu. Binafsi siwalaumu kuchuja, maana karibu nusu ya imeli zote duniani ni taka. Ila kampuni kubwa ina fundi wa kazi hiyo. Mama wa vyumba sita anayetuma barua kumi kwa wiki hana sifa mbaya wala nzuri, na mashine haimwamini isiyemjua. Tena pa kulalamika si rahisi kupaona. Utaenda Mwanga kugonga mlango wa Google?

Sasa wewe unayetuma CV kutoka kafe usiogope. Ukitumia Gmail kwenye kivinjari, barua inatoka kwenye seva za Google, sio kwenye kompyuta ya kafe, hata kama ina virusi kama kuku wa kideri. Ila ukibandika maneno yaleyale kwa ofisi hamsini kwa mpigo, hapo umejitafutia mwenyewe.

Kwa mama tuliingia kwenye mipangilio ya domeni, kumbe hakukuwa na SPF wala DKIM. Kuandika mistari yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Kilichokula muda ni kuwabembeleza wenye seva watuhamishie anwani nyingine ya IP, karibu wiki mbili. Baada ya hapo Gmail ikaanza kumpokea vizuri. Kuna watoa huduma wengine bado wanamtupa spamu mara mojamoja, kwa hiyo kwenye tovuti tumeweka namba ya simu na mstari unaosema: usipoona jibu letu, tazama kwenye spamu.

Bei ameirudisha ilipokuwa. Mwenye domeni yake na majibu hayaji, aniachie swali hapo chini.