Klarineti ya zamani inakataa kulia? Tafuta kwanza mahali hewa inatorokea

Katika fanfari nyingi za makanisa huku mashariki, mwenye kuanza anapewa chombo kile wengine walikataa. Anapuliza siku mbili, tatu. Noti za katikati zinatoka, za chini zinalia kama mlango wenye kutu ao hazitoki kabisa. Halafu wanamuambia: wewe hauna pumzi. Mara nyingi pumzi iko. Ni klarineti ndiyo inavuja.

Klarineti ni bomba. Ili noti ya chini itoke, mashimo yote ya juu yake yanapaswa kufungwa kabisa. Shimo moja la juu likiachia hewa, hata kidogo, noti zote za chini yake zinaharibika. Ndiyo maana unatafuta shida juu, hata kama unaisikia chini.

Mbele ya yote angalia anshi, ule mwanzi mwembamba wa kinywani. Ikipasuka, badilisha, usifungue kitu kingine bado.

Kisha chukua kipande cha juu peke yake, ukisafishe, ufunge mashimo kwa vidole na mwisho wa bomba kwa kiganja. Puliza polepole. Hewa ikitoka, kuna tampo haifungi. Tampo ni zile duara laini zilizo chini ya kle, vile vibonyezo vya chuma. Wadudu wanazipenda sana. Ili kujua ni gani, kata kipande chembamba cha karatasi ya sigara, kiweke chini ya tampo, funga kle, vuta. Zunguka pande zote. Mahali karatasi inateleza bure, ni pale.

Si lazima ununue tampo mpya. Mara nyingi ile ya zamani imeinama tu. Toa kle kwenye klarineti kwanza, juu moto ukigusa plastiki ao mbao umeharibu chombo. Pitisha briketi nyuma ya kikombe cha kle kidogo kidogo mpaka kola ilainike, nyoosha tampo, rudisha kle haraka na uifinye kidogo ili ikae sawa juu ya shimo. Tampo ikichanika ao ikikauka kama jiwe, pima upana na unene kwa milimita mbele ya kuagiza ingine.

Fungua kle moja moja. Skrubu zichome kwenye katoni kwa mpangilio uliozitolea. Zinafanana, lakini hazilingani. Yenye kutu usiilazimishe: tia tone la mafuta ya cherehani, ngojea mpaka kesho. Mafuta yasifike kwenye tampo.

Kizibo cha kwenye maungio kikilika, zungushia uzi wa kushonea, ukaze, upake nta ya buji. Inashika vizuri, na mafundi wa zamani walifanya vile.

Klarineti za mbao nyingi zinatengenezwa kwa mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji. Hiyo usiioshe kwa maji, usiianike juani: inapasuka. Ya plastiki, ukitoa kle zote, unaweza kuiosha kwa maji ya vuguvugu.

Kle ikivunjika, usipelekee fundi wa kuunga milango ya vyuma. Moto wake ni mkali mno. Fundi wa pete na mikufu anaweza kuiunga kwa feza. Mtolee tampo na resori mbele ya kumupa.