Mrithi aliyepotea Aziziya: nani hasa anamtafuta?

Katika familia nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki yumo mtu ambaye habari zake zimeishia kwenye neno moja tu: Aziziya. Aliondoka miaka ya themanini au tisini kwa viza ya umra au ya kazi, akatuma barua mbili tatu, pengine na kaseti yenye sauti yake, kisha akanyamaza. Jamaa wakaendelea na maisha yao. Siku mzee anapofariki dunia na shamba au nyumba ikabidi igawanywe, ndipo jina la huyo aliyenyamaza linapotajwa tena. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mtoto hapotezi fungu lake kwa sababu ya ukimya.

Taabu ya kwanza ni neno lenyewe. Aziziya si mahali pamoja. Jina hilo linatokana na Mfalme Abdulaziz, mwasisi wa Ufalme wa Saudi Arabia, na limepewa mitaa katika miji kadhaa. Jeddah ina Aziziya yake, yenye wakaazi wengi kutoka India na Pakistan pamoja na shule za jamii hizo. Riyadh, umbali wa kiasi cha kilomita 950, ina Aziziya nyingine upande wa kusini, penye kituo cha mabasi ya safari za mbali. Na Makka nako iko Aziziya, ile wanayoijua mahujaji walio wengi, kwenye njia ya kwenda Mina. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu milioni 32.2 nchini humo, na kati yao milioni 13.4 hawakuwa raia. Kusema kwamba fulani "yuko Aziziya" ni karibu sawa na kutosema lolote.

Wasomaji wa riwaya za upelelezi watamkumbuka Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetokea kitabuni mwaka 1960 akiwa na kiko chake mdomoni. Wamarekani nao wana wapelelezi wao wa kujitegemea, watu wakavu wa maneno na wasiomwamini yeyote. Katika hadithi za namna hiyo, mrithi aliyepotea hupatikana kwa sababu yuko tajiri aliyelipa ili apatikane. Katika maisha ya kawaida ya Mombasa, Lamu au Pemba, jambo hilo limegeuka kinyume. Wenye uwezo wa kugharimia msako huo, mara nyingi, ndio wale wale watakaopata zaidi iwapo ndugu yao hataonekana.

Hesabu inalionyesha hilo waziwazi. Tuseme mzee ameacha mali ya shilingi milioni 120, mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke huchukua thumni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni milioni 15. Zinazobaki ni milioni 105, nazo hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: milioni 42 kwa kila mwana na milioni 21 kwa binti. Sasa mmoja wa wale wana yuko Aziziya na hajulikani kama ni hai. Akihesabiwa kuwa alikufa kabla ya baba yake, kaka aliyebaki atapata milioni 70 na dada milioni 35. Mjane hapati wala hapotezi kitu, fungu lake ni lile lile. Bila shaka si sadfa kwamba mara nyingi ni mama ndiye anayeendelea kuuliza.

Wanazuoni wa fikihi waliliona jambo hili karne nyingi zilizopita. Mtu asiyejulikana uhai wake wala kifo chake humwita mafqud, na kanuni iliyoenea ni ya tahadhari: hesabu hufanywa mara mbili, moja akiwa hai na nyingine akiwa maiti, na kila mrithi aliyepo hupewa kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Katika mfano wetu, milioni 42 huwekwa kando. Akitokea, ni zake. Ikithibitika kwamba alikufa kabla ya baba yake, hurudi kwa kaka na dada. Lakini ikithibitika kwamba alikufa baada ya baba, ijapokuwa kwa siku moja, fungu hilo lilikwisha kuwa mali yake, na litawaendea warithi wake yeye, yaani mama yake na pengine mke na watoto walioko Jeddah ambao hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuwaona.

Kwa hiyo swali si kama amekufa tu, bali amekufa lini. Hapo ndipo sheria za kisasa zinapofika ukomo wake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba, na wale ambao ingetazamiwa wamsikie, achukuliwe kuwa amekufa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Katika fikihi muda unatofautiana: madhehebu ya Hanbali, kwa mfano, hutaja miaka minne kwa aliyepotea katika hali ya hatari, na hadi umri wa miaka 90 kwa aliyetoka salama, kama msafiri wa biashara. Miaka saba inaweza kumwambia hakimu kwamba mtu hayupo. Haimwambii kama alitangulia baba yake au alimfuata.

Tarehe hiyo, kama ipo, imo katika makaratasi ya Saudi Arabia, na makaratasi huanza na jina. Mtu wa Pemba aitwaye Haji Faki Haji hana jina la ukoo kwa maana ya kipaspoti; ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Ofisi ya uhamiaji huweza kulifanya la babu kuwa la ukoo. Karani wa Saudia huliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina "ch" wala "p" wala "v". Baadaye jina lile hurudishwa katika herufi za Kilatini na mtu mwingine, na Hamisi huwa Khamis au Khamees. Kama alisafiri kwa paspoti ya nchi jirani, ubalozi wa nchi yake mwenyewe huko Riyadh hautakuwa na habari zake.

Kuna na lile linaloitwa na wahamiaji "huruub". Mwajiri, au kafili, akiripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, kibali chake cha ukaazi, yaani ikama, hupoteza nguvu. Tangu hapo mtu hufanya kazi kwa siri, hupanga chumba kwa jina la mwenziwe na huogopa hata hospitali. Anaweza kuishi miaka ishirini Aziziya bila kuacha alama katika daftari lolote. Misamaha ya mwaka 2013 na 2017 iliwawezesha wengi wa namna hii kurejea makwao. Waliobaki walizidi kujificha. Kaburi nalo halisaidii: katika makaburi ya Mama Hawa mjini Jeddah, kama kwingineko nchini humo, maiti huzikwa bila jiwe lenye jina.

Yapo pia mashauri ya upande wa pili, ambapo aliyekufa ndiye aliyekuwa Saudia, na wanaotafutwa wako Afrika. Mahakama za huko hutoa hati ya kuthibitisha warithi, na bila hati hiyo si rahisi kutolewa mshahara uliosalia wala kiinua mgongo, ambacho kwa mfanyakazi anayelindwa na sheria ya kazi ni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Tangu mwaka 2006 nchi hiyo ina mamlaka maalumu ya kusimamia mali ya watoto wadogo, ya watu wasiojulikana walipo na ya marehemu wasiojulikana warithi wao. Walio dhaifu zaidi ni watoto waliozaliwa huko bila cheti cha ndoa cha wazazi na hivyo bila cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa nje ya ndoa humrithi mama yake kisheria, lakini atathibitisha vipi kwamba ni mama yake?

Pesa zikiwa nyingi, warithi hawapungui. Mayankutty Keyi, mfanyabiashara wa viungo kutoka Thalassery huko Malabar, alijenga Makka katika karne ya 19 nyumba ya kufikia mahujaji. Ilibomolewa mwaka 1971 ili kupanua Msikiti Mtukufu, na fidia ya riali milioni 1.4 ikawekwa katika hazina ya Saudia. Habari zilipoenea India kwamba fedha zile zimezaa, jamaa wa ukoo wa Keyi na wa Arakkal, ukweni kwake, walijitokeza kwa wingi, kila upande ukidai. Ajabu ni kwamba nyumba ile ilikuwa wakfu, na wakfu haurithiwi.

Kwa familia isiyo na jambo kubwa kama hilo, kinachosaidia ni vitu vidogo: bahasha ya zamani yenye sanduku la posta la mwajiri, nakala ya paspoti, na zaidi ya yote namba ya ikama, yenye tarakimu kumi na inayoanza na 2. Namba hiyo haibadiliki hata jina likiandikwa kwa namna tano, nayo mara nyingi iko nyuma ya picha au juu ya risiti ya kutuma fedha, ndani ya sanduku ambalo mama hajalifungua kwa miaka mingi.