Nukta, mstari na bapa: somo la hesabu kwa watu wa lugha

Wengi wetu katika kitivo hiki tulichagua lugha ili tuikimbie hesabu. Mimi ni mmoja wao. Lakini mwaka huu mdogo wangu, aliye darasa la saba hapa Likasi, alinirudisha nilikokimbia. Alikuwa amekariri kwa Kifaransa maana ya «point», «droite» na «plan» bila kukosa hata silabi moja. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili, akanyamaza. Kisha akaniuliza: «Yaya, droite na ligne si kitu kimoja?» Sikuwa na jibu. Alikwisha kuanza kusema kwamba hesabu si yake, na mimi niliyasema maneno hayohayo nikiwa na umri wake. Usiku ule nikafungua daftari lake.

Tuanze na nukta. Katika sarufi, nukta hufunga sentensi. Katika jiometri, huonyesha mahali tu: haina urefu, upana wala unene. Doa la kalamu kwenye karatasi si nukta yenyewe, ni alama yake, kama vile herufi ilivyo alama ya sauti na si sauti yenyewe. Nukta hupewa jina kwa herufi kubwa: A, B, C.

Mstari ni neno pana kwetu. Kuna mstari wa daftari, mstari wa Biblia, na watu waliopanga mstari bombani. Kifaransa hutenganisha: «ligne» yaweza kupinda, «droite» haipindi kamwe. Hapo ndipo mdogo wangu alipokwama, kwa kuwa Kiswahili kilimpa neno moja kwa vitu viwili. Dawa yake ni kivumishi: mstari mnyoofu. Huo hauna upana, nao huendelea pande zote mbili bila kikomo. Sehemu iliyo kati ya nukta A na B ni kipande cha mstari. Kipande kina mwanzo na mwisho, kwa hiyo urefu wake hupimika. Mstari wenyewe haupimiki.

Bapa tunalijua kutoka kwenye bapa la upanga, yaani ubavu wake mpana, si makali. Katika jiometri, bapa ni uso uliosawazika, usio na unene, unaoenea kila upande bila mwisho. Ubao wa darasani ni kipande chake tu. Kwa Kifaransa, «plan» ni pia mchoro wa nyumba na mpango wa kazi. Mtoto asiyeambiwa hayo hutafuta nyumba ndani ya somo.

Vitu hivi vitatu hueleweka zaidi vinapokutana. Fundi mwashi wa Kikula huchomeka vijiti viwili na kuvuta uzi kati yake, kisha hupanga matofali kwa kuufuata. Anajua kwamba katika nukta mbili tofauti hupita mstari mnyoofu mmoja tu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, lakini meza ya miguu minne huyumba. Sababu ni kwamba nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja huamua bapa moja tu. Nukta ya nne yaweza kubaki nje ya bapa hilo. Kuta mbili zikikutana pembeni mwa chumba, makutano yake ni mstari.

Tazama pia njia ya treni iendayo Lubumbashi. Mahali isipopinda, reli zake mbili ni sambamba: zimo katika bapa moja na hazikutani. Lakini waya unaokatiza juu ya reli haukutani nayo, wala si sambamba nayo. Hakuna bapa moja linaloweza kuvibeba vyote viwili. Kwa hiyo kutokutana peke yake hakutoshi kuifanya mistari iwe sambamba.

Euclid, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, alijaribu kueleza kila kimojawapo kwa maneno. Mwaka 1899, Mjerumani David Hilbert aliacha jaribio hilo. Nukta, mstari na bapa hakuvipa maana. Alitaja tu kanuni za uhusiano wake. Inasimuliwa kwamba alisema tungeweza kuviita meza, viti na magilasi ya bia, na hesabu isiharibike. Sisi tuliosoma Saussure, ambaye kitabu chake kilitoka 1916, tunalitambua wazo hili: neno hupata thamani yake kutokana na maneno mengine yaliyo pamoja nalo.

Basi hesabu haikuwa mbali nasi kama tulivyodhani. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mtoto wa Likasi anayekariri «droite» bado anahitaji mtu wa kumwambia kwamba ni mstari usiopinda. Kazi hiyo ni ya mwalimu wa hesabu, na ni yetu pia. Napendekeza kila darasa la kitivo lichague somo moja la sekondari na kuandika maneno yake ya msingi kwa lugha zote mbili, kila neno na mfano wake wa hapa mjini. Mdogo wangu amekwisha kuanza orodha yake. Neno la kwanza ni nukta.