Sura ya Tano: Warithi kwa Kufanywa Wana

Mtu akifa Likasi, mambo mawili huulizwa kabla siku za kilio hazijaisha: ukoo unasemaje, na sheria inasemaje. Kwa Wasanga, wenyeji wa nchi inayouzunguka mji huo, na kwa Wabemba, ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo macho humwelekea mpwa, mtoto wa dada wa marehemu. Kwa Waluba wa Katanga hufuata upande wa baba. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ina njia yake: robo tatu ya mali ni ya watoto, nayo hugawanywa sawa kwa sawa; mjane, wazazi na ndugu hugawana kinachobaki. Na watoto, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni wale waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje ya ndoa ila wakatambuliwa marehemu akiwa hai, na wale aliowachukua kisheria akawafanya wanawe.

Fungu hilo la mwisho ndilo linalotuhusu. Paulo alipotaka kueleza jinsi mtu anavyorithi kwa Mungu, aliuacha mfano wa damu akachagua mfano wa mtoto aliyefanywa mwana.

Ardhi ya Kanaani, kiti cha Roma

Katika Agano la Kale, urithi ni ardhi kwanza. Makabila yalipewa nchi kwa kura, na kila nyumba ilishika fungu lake. Hata hivyo, kitabu cha Hesabu chenyewe kinaanza kulegeza utaratibu huo. Mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa wakadai haki yao, wakapewa. Walawi nao hawakupata shamba kama wenzao. Waliambiwa kwamba Mungu mwenyewe ndiye fungu lao. Kwa hiyo, karne nyingi kabla ya Injili, Israeli walikwisha kusikia kwamba yuko mtu asiye na ardhi na bado ana urithi.

Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma yapata mwaka 57. Wakati huo Kaisari alikuwa Nero. Nero hakuwa mtoto wa kuzaliwa wa Klaudio, aliyemtangulia. Klaudio alimfanya mwana mwaka 50, ingawa alikuwa na mtoto wake wa damu, Britannicus. Mwaka 54 Klaudio alipofariki, aliyekalia kiti ni Nero. Msomaji wa Roma hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia jambo hilo. Aliona kwa macho yake kwamba katika sheria ya Kirumi mwana wa kufanywa anaingia chini ya mamlaka ya baba mpya akiwa na haki kamili, na kwamba anaweza kurithi dola nzima. Ndipo Paulo akasema katika sura ya nane ya waraka wake kwamba waumini wamefanywa wana, na kwa hiyo ni warithi wa Mungu, warithi pamoja na Kristo.

Yako mambo matatu yanayotokana na hapo. La kwanza, mrithi hana cha kujivunia, kwa sababu aliyemchagua ni Baba. La pili, haki yake inatimia kwa kifo cha mwenye wosia, kama Waraka kwa Waebrania unavyoeleza. Na kwa kuwa Kristo alikwisha kufa na kufufuka, mrithi amekwisha kupokea sehemu. Roho Mtakatifu, kwa mafundisho ya Waraka kwa Waefeso, ni malipo ya kwanza ya urithi utakaokamilika baadaye. La tatu, urithi huu haupungui warithi wanapoongezeka. Nyumba moja ya mtaa wa Kikula, Likasi, ikigawanywa kwa watoto tisa, kila mmoja hubaki na kona. Msamaha, uzima na kumwita Mungu Baba havigawanyiki hivyo.

Baraka ina njia yake

Baraka hufuata mkondo huohuo. Katika Mwanzo 12 Abrahamu anaahidiwa kubarikiwa, na papo hapo anaambiwa kwamba jamaa zote za dunia zitabarikiwa kupitia kwake. Baraka inayoishia mkononi mwa aliyeipokea haijafika ilikotumwa.

Hapa ndipo mafundisho mawili yaliyoenea katika miji yetu yanapohitaji kupimwa. Moja linasema baraka hupatikana kwa kupanda mbegu ya fedha: toa kingi, uvune kingi. Kutoa sadaka ni tendo jema, lakini mwana hanunui urithi wa baba yake; akiununua, hiyo ni biashara. La pili linasema mtu hurithi laana za ukoo, na hawezi kufunguliwa pasipo maombi ya mtumishi fulani. Biblia haifichi kwamba makosa ya wazazi huumiza watoto. Lakini Ezekieli 18 inakataa kabisa mwana kubebeshwa hatia ya baba, na Wagalatia 3 inafundisha kwamba Kristo aliichukua laana ili baraka ya Abrahamu iwafikie mataifa.

Watoto wa shaba

Likasi, uliojulikana kama Jadotville wakati wa Wabelgiji, ni mji wa watu waliokuja. Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka nchi ya Waluba na kutoka mbali zaidi. Kampuni iliwapa nyumba, posho, hospitali na shule za watoto, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ikaendeleza mtindo huo. Watu wakaiona kazi kuwa baba na mama. Kisha uzalishaji ukaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuwapa jina mwaka 2001 katika kitabu chake: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Kambi hizohizo za wachimbaji zilikuwa zimezaa undugu wa namna nyingine. Miaka ya 1950, Placide Tempels, padri Mfransisko aliyekuwa Kolwezi, alikaa na wafanyakazi na wake zao wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Hapo ikazaliwa Jamaa, harakati ya waumini Wakatoliki, ikaenea katika miji ya shaba. Mume na mke waliofundishwa waliwafundisha wengine, wakawa baba na mama wao katika imani, bila kuulizana kabila. Baadaye Jamaa ilikuwa na migogoro, na baadhi ya vikundi vyake vilikosana na maaskofu. Lakini iliwaonyesha watu wa kambi kwamba mtu anaweza kuzaliwa na wasio wa damu yake.

Mwaka 1992 fundisho hilo lilijaribiwa. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao, na maelfu wakajazana kwenye kituo cha treni cha Likasi wakisubiri mabehewa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamesali katika makanisa yaleyale. Waefeso 2 na 3 inawaita waliokuwa wageni watu wa nyumbani mwa Mungu na warithi pamoja na wengine. Mwaka ule, swali la nani mwenyeji lilishinda swali la nani ndugu.

Kwa hiyo kipimo cha urithi wa kiroho ni chepesi kukijua, kigumu kukitimiza. Anayesema amefanywa mwana wa Mungu hana haki ya kumfungia mlango mwingine aliyeingia kwa neema ileile. Msomaji, kabla ya kuomba baraka nyingine, mtafute mtu mmoja ambaye ile uliyokwisha kupewa haijamfikia, ukampe.