Bukavu: Rezo inaonyesha mistari yote, mbona mega haziendi?

Mida ya jioni, watu wanaporudi kutoka kazini na sokoni, wakaaji wengi wa Bukavu hukutana na jambo moja: simu inaonyesha mistari yote ya rezo, ila picha haifunguki na video inazungukazunguka tu. Wengi hudhani simu imeharibika au kampuni ya simu imewaibia mega. Mara nyingi sababu ni nyingine. Mnara ni mmoja na wanaoutumia ni wengi, na kila mmoja anapata kipande chake.

Mistari ile inaonyesha nguvu ya ishara inayotoka kwenye antena. Haisemi ni watu wangapi wanaoitumia antena hiyo kwa wakati huo. Ni kama barabara ya lami inayopita mbele ya nyumba: inaweza kuwa nzuri, lakini magari yakijaa, hakuna anayesonga.

Mnara wa kawaida wa simu una pande tatu, na kila upande unahudumia sehemu yake ya mtaa. Wote walio katika sehemu hiyo, wakitumia kampuni moja, hugawana masafa yale yale ya redio. Masafa hayo yana mpaka. Katika 4G, iliyoanza kuuzwa nchini Kongo mwaka wa 2018, njia pana ya kawaida ina megahezi 20, nayo hukatwa vipande 100. Kila milisekunde moja, yaani mara 1000 kwa sekunde, mashine ya mnara huamua nani apewe vipande vingapi. Mwenye simu haoni mgawanyo huo. Anachoona ni kwamba mega zinakwenda haraka au polepole.

Hesabu ndogo inasaidia kuelewa. Tuseme upande mmoja wa mnara unatoa megabiti 30 kwa sekunde. Watu 10 wakipakua kwa pamoja, kila mmoja anapata kama megabiti 3. Wakifika 100, kila mmoja anabaki na megabiti 0.3. Ujumbe wa maandishi utapita bila shida, lakini video ya kawaida, inayohitaji karibu megabiti 1 kwa sekunde, itakatikakatika.

Hapo ndipo mfuko wa mteja unapoguswa. Mega huuzwa kwa ujazo na kwa muda, si kwa kasi. Mtu aliyenunua mega 100 za saa moja, akipata megabiti 3 kwa sekunde, anazimaliza kwa dakika nne na nusu hivi. Akipata megabiti 0.3, atahitaji kama dakika 44 bila kusimama hata kidogo. Rezo ikishuka zaidi ya hapo, saa inaisha mega zikiwa bado zimebaki, na pesa imekwenda. Mwanafunzi anayetafuta somo au mfanyabiashara anayesubiri picha za bidhaa analipa bei ile ile na yule aliyetumia intaneti usiku wa manane.

Mgawanyo wenyewe hauko sawa kwa wote. Aliye karibu na mnara, bila kizuizi, hupokea ishara safi, na kila alama inayorushwa hewani inaweza kubeba biti 6. Aliye mbali, au nyuma ya kilima, ishara yake ni dhaifu, na alama moja hubeba biti 2 tu. Kwa hiyo picha ile ile inahitaji vipande mara tatu au zaidi ili imfikie. Katika mji wa vilima kama Bukavu, nyumba mbili zilizo karibu zinaweza kupata rezo tofauti kabisa, moja ikiutazama mnara na nyingine ikiwa bondeni.

Mashine ingeweza kuwapa vipande vyote walio karibu, kwa kuwa wao hupakua haraka zaidi. Lakini wa mbali wangekosa kabisa. Ingeweza pia kuwapa wote kasi moja, lakini wachache wa mbali wangekula vipande vingi na wote wangechelewa. Ndiyo maana mitandao mingi hufuata njia ya kati: mashine hutazama ishara ya kila mtu kwa wakati huo, kisha huilinganisha na kile alichopata muda mfupi uliopita. Aliyepata kidogo hukumbukwa, na kila mmoja huhudumiwa zaidi pale ishara yake inapokuwa nzuri.

Tatizo huwa kubwa zaidi wakati wa maafa. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku tano baadaye viongozi waliamuru sehemu ya mji wa Goma ihamishwe. Watu wengi walielekea Sake, kilomita zipatazo 25 magharibi. Watu wanaweza kuhama kwa siku moja, lakini mnara hauhami. Mnara uliopangwa kwa mji mdogo ukipokea umati wa mji mkubwa, kila mtu akitafuta jamaa zake, vipande haviwezi kutosha.

Kwa hali kama hiyo, mitandao ina kinga yake. Kila kadi ya simu ina daraja la kuingilia kwenye mtandao: raia wa kawaida wako kwenye madaraja 0 hadi 9, na yapo madaraja ya pekee ya usalama na huduma za dharura. Mnara ukielemewa, baadhi ya madaraja ya kawaida yanaweza kuzuiwa kwa muda ili wengine wapite.

Dawa zipo, lakini zote zina gharama. Kampuni inaweza kuongeza masafa kwa kibali cha ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Inaweza kujenga minara mingine ili kila mmoja uhudumie watu wachache zaidi. Inaweza pia kupanua njia inayounganisha mnara na intaneti, maana njia hiyo ikiwa nyembamba, masafa mengi hayasaidii kitu.

Kwa mteja, lililo karibu ni kuchagua saa. Ndiyo sababu kampuni nyingi huuza mega za usiku kwa bei nafuu: watu wakilala, vipande vinabaki wazi. Mafaili makubwa yanaweza kungoja saa hizo. Kuhamia dirisha linalotazama mnara nako husaidia, na humpunguzia jirani mzigo pia, kwa sababu anayepata ishara safi hutumia vipande vichache.