Fahamu: Kutengana si talaka, na urithi haufutwi kwa dole gumba

Wanandoa wakishindwana, Igamba wilayani Mbozi kama kwingineko Tanzania, mambo huweza kuishia kwenye karatasi moja: mke anaondoka na vyombo, mume anabaki na shamba la kahawa, mashahidi wanatia saini. Chini huongezwa kamstari kwamba mke hatadai kitu hata mume akifariki.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua makubaliano ya kutengana. Lakini kutengana hakuvunji ndoa. Mume akifa, aliyeondoka bado ni mjane wake.

Je, kamstari kale kana nguvu? Inategemea sheria inayotawala mirathi. Kwa Waislamu mjane hupata thumuni penye watoto, robo pasipo na watoto, na hakuna urithi wa kuachia mwenye mali angali hai. Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini, humnyima mjane fungu kwa mkataba halali uliofanywa kabla ya ndoa, si wakati wa kutengana.

Penye mila ndipo panapouma. Tangazo la Sheria za Mila la 1963 humwacha mjane atunzwe na wanawe, asaini asisaini. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati yake ya haki za wanawake iliwaunga mkono.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka dole, mke adai kwanza mgawanyo wa mali iliyochumwa pamoja, ambao mahakama huweza kuuamuru inapotoa amri ya kutengana au talaka. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango.