Nozeli Kubwa Haileti Nguvu

Hewa ya mjini Homa Bay ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani. Migori, palipoinuka zaidi, hupungua tena kidogo. Probox iliyosheheni abiria na magunia, ikipanda kutoka Homa Bay kwenda Rongo, inavuta hewa hiyo pungufu, na nguvu zake hupungua kwa kiasi hicho hicho. Subaru Forester yenye turbo inayoipita haijali sana. Moshi wa eksozi unazungusha feni moja, feni hiyo inazungusha nyingine iliyo upande wa pili wa mhimili, na hewa iliyokosekana angani inasukumwa ndani ya silinda kwa nguvu.

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru hayakuanza na vijana wa eksozi za kelele. Katika Safari Rally ya 1993, Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa jumla na kushinda daraja lake akiwa na Subaru Vivio, kijigari cha injini isiyofika cc 700. Kilichoiwezesha injini hiyo kufika mwisho wa safari iliyoangusha magari makubwa ni uendeshaji wa Njiru, na pia kishinikizo cha hewa kilichozungushwa na mkanda wa injini. Leo gari la turbo lililotumika Japani halishangazi mtu Awendo wala Isebania. Na mwenye nalo, akishalizoea, hutaka liende kasi zaidi. Hapo ndipo maneno ya nozeli, zile zinazoinyunyizia injini petroli, huanza.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba nozeli kubwa huongeza nguvu. Nguvu inatoka kwenye hewa. Petroli inaifuata hewa. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, gramu moja yake inahitaji gramu 14.7 za hewa. Turbo inaposukuma kwa bidii, injini hupewa petroli zaidi, gramu moja kwa kama 11.5 hadi 12 za hewa, kwa sababu ile ya ziada ikigeuka mvuke hupoza silinda na kuzuia mlipuko wa kabla ya wakati, ule ambao mafundi husema injini inagonga. Kwa hiyo ukiongeza msukumo wa turbo, nozeli lazima ziweze kufuata. Zikishindwa, petroli inakuwa haba, joto linapanda na pistoni inayeyuka. Lakini nozeli kubwa kwenye injini ambayo hewa yake haijaongezeka haiongezi hata nguvu farasi moja.

Hesabu yake si ngumu. Injini ya petroli yenye turbo, ikibanwa kabisa, hunywa karibu mililita 6 kwa dakika kwa kila nguvu farasi. Anayetaka 300 anahitaji mililita 1,800 kwa dakika. Gawanya kwa nozeli nne, upate 450. Nozeli haitakiwi kukaa wazi muda wote. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 tu kati ya mlipuko mmoja na mwingine, na nozeli inahitaji sehemu ya muda huo kufunga na kufungua. Mafundi wengi huweka kikomo cha asilimia 80. Gawanya 450 kwa 0.8, utapata kama 560. Ndiyo maana baadhi ya Subaru za STI, zilizotoka kiwandani zikitajwa kuwa na nguvu farasi 280, zilikuwa na nozeli za karibu mililita 550. Anayeuziwa nozeli za 1,000 kwa Forester ambayo turbo yake haijaguswa anauziwa kitu asichohitaji.

Sasa rudi kwenye kimo. Tuseme geji ya turbo inasoma bar 1. Geji hiyo hupima kilichozidi hewa ya nje, haipimi jumla. Homa Bay jumla ni kama bar 1.88, Mombasa, kwa geji ile ile, ni 2.01. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 7 ya hewa, na petroli lazima iongezeke vivyo hivyo. Gari lililopimwa kando ya ziwa likaonekana nozeli zake zinafanya kazi kwa asilimia 90, likishushwa pwani kwa msukumo ule ule litazipeleka hadi 96, pembeni kabisa mwa uwezo wake. Ukiliboresha gari kwa hewa ya Nyanza, acha nafasi kwa ajili ya bahari. Kinyume chake ni kumwambia fundi aongeze msukumo hapa hapa ziwani kufidia kimo: turbo italazimika kuzunguka kasi zaidi, na hewa itaingia ikiwa moto zaidi.

Halafu kuna petroli yenyewe. Turbo nyingi za Japani zilipangwa kwa petroli ya bei ya juu ya kule, inayouzwa kwa oktani karibu 100. Super ya kawaida ya Kenya haifiki hapo. Kompyuta ya gari husikia injini ikigonga na kuchelewesha cheche, na nguvu hupungua kabla hujanunua chochote. Mbaya zaidi ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukata mchezo huo, maana bei nafuu ya taa ndiyo iliyoulisha. Oktani ya taa ni duni mno, na hakuna ukubwa wa nozeli unaoweza kuitibu. Mwenye gari la turbo asinunue petroli ya mtungi wa plastiki kando ya barabara, hata kama bodaboda zinaendelea nayo bila tatizo.

Ningepewa nafasi ya kutumia fedha za mtu, ningeanzia nyuma, kwenye tangi. Pampu iliyokaa ndani ya gari tangu Japani imechoka. Kidhibiti shinikizo cha mtindo wa kawaida hufuata turbo: wakati wa utulivu mstari wa petroli una bar 3 juu ya hewa ya ndani, na turbo ikisukuma bar 1, pampu inatakiwa kutoa 4. Kila shinikizo linapopanda, lita zinazotoka hupungua. Pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa, inayopendwa na wengi, inatosha kwa nguvu farasi 300, zinazohitaji kama lita 110 kwa saa, lakini kwa sharti kwamba umeme unaifikia. Waya mwembamba wa kiwandani hupoteza volti njiani. Waya mnene, rilei na fyuzi, kwa fedha kidogo sana, hufanya kazi zaidi kuliko nozeli mpya. Kuongeza shinikizo peke yake pia kunasaidia, ila kwa uchoyo: kutoka bar 3 hadi 4 ni ongezeko la theluthi, na petroli inaongezeka asilimia 15 tu, kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo.

Nozeli kubwa mno ina adhabu yake. Siku ya soko mjini Migori, gari likisimama kwenye foleni, injini ya taratibu inahitaji tone dogo mno. Nozeli ya ukubwa maradufu inalazimika kufunguka kwa nusu ya muda, na muda huo unakuwa mfupi kiasi kwamba vali yake haiwezi kurudia kipimo kile kile. Injini inatikisika, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli inaosha oili kutoka kwenye kuta za silinda. Kompyuta isipoambiwa ukubwa mpya, tatizo linaongezeka. Angalia pia ukinzani wa nozeli: zile za ohmu 2 au 3 zikiunganishwa kwenye kompyuta iliyozoea za ohmu 12 hadi 16 zinaweza kuiunguza.

Forester za turbo za kuanzia 2012, zenye injini ya FA20, ni habari nyingine kabisa. Petroli yao huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo la zaidi ya bar 100, kutoka pampu inayosukumwa na shafti ya kemu. Nozeli za injini za Subaru za zamani, za EJ, hazihusiki hapo, na muuzaji anayekuambia zinaingia ni wa kuepukwa.

Kabla ya kulipa chochote, zipeleke nozeli ulizonazo zioshwe na kupimwa kwenye mashine, kisha mwombe fundi karatasi ya matokeo: mililita ngapi kwa dakika, kila moja. Nne zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, silinda yenye nozeli dhaifu ndiyo itakayoungua kwanza, hata kama wastani unaonekana mzuri. Kama fundi hana karatasi hiyo, mtafute mwingine.